Je, Mfungwa Asomeshwe Chuo Kikuu?

Katika darsa yetu ya baina ya Magharibi na Isha, hapa Shauri Moyo, kilitufikia kikaratasi kutoka upande wa wanawake. Aliyekiandika ni mama mmoja wa Majengo ya Pumwani, na suala lake twalinakili kama alivyolileta, ila tumeliondoa jina:

"Mimi nauza mahamri na viazi vya karai tangu alfajiri. Mwanangu wa pili alifaulu mtihani wa sekondari akaitwa chuo kikuu, karo ikanishinda, na huu ni mwaka wa tatu yuko barazani. Sasa nimesikia kuwa huko Kamiti wafungwa wasomeshwa sheria kwa Chuo Kikuu cha London wala hawalipi kitu, na baadhi yao ni watu waliotoa roho za watu. Je, hii ni haki? Au mwanangu naye na aende akaibe ndipo asomeshwe?"

Usiku ule hatukumjibu. Mmoja wetu alitaka kumwambia kuwa elimu ni nzuri kwa kila mtu na subira ni nzuri, tukamnyamazisha, kwani mtu aamkaye saa tisa ya usiku kukanda unga hajibiwi kwa maneno ambayo kila mtu ayajua. Tulizungumza juma zima, na haya ndiyo tuliyoyafikia. Mwenye jawabu bora kuliko hili na atuandikie.

Wasomaji wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu huenda wakadhani kuwa haya ni mambo ya bara yasiyowahusu. Lakini Majengo ya Pumwani ni mji wa Kiswahili ulio bara. Ulipangwa na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920, na wengi wa wenyeji wake wa kwanza walikuwa ni Waislamu waliohamishwa kutoka vijiji vya zamani vya Nairobi. Na Pangani ilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, watu wake wakaletwa hapa Shauri Moyo. Nyumba zao zilifuata mfano wa nyumba za pwani, ukumbi katikati na vyumba huku na huku, na lugha ya barazani ilikuwa ni hii yetu. Leo kijana wa mitaa hii aweza kuzaliwa katika hospitali ya Pumwani, kushitakiwa katika mahakama ya Makadara na kuwekwa rumande Industrial Area, na safari yote hiyo isizidi maili chache. Nanyi ndugu zetu wa Mombasa mnayo Shimo la Tewa, basi msijione mko mbali.

Kwanza natueleze habari yenyewe ilivyo, kwani uvumi huongeza. Mwaka 2007 Mwingereza mmoja, Alexander McLean, alianzisha shirika lililoitwa African Prisons Project, ambalo baadaye liliitwa Justice Defenders, nalo likafanya kazi katika magereza ya Uganda na Kenya. Miongoni mwa kazi zake ni kuwasajili baadhi ya wafungwa katika masomo ya sheria ya Chuo Kikuu cha London, wakisoma humo humo ndani na kufanya mitihani humo humo. Waliopata nafasi hiyo ni wachache mno ukiwalinganisha na maelfu waliofungwa. Na lililo ajabu ni kuwa askari jela nao walitiwa katika masomo hayo. Basi aliyefungwa na anayemfunga wakawa wakiinamia kitabu kimoja.

Katika waliosoma hivyo ni Morris Kaberia, aliyekuwa askari polisi. Mwaka 2013 alihukumiwa kifo kwa wizi wa kutumia nguvu; akasoma sheria akiwa Kamiti, akaipigania rufaa yake, na mwaka 2018 hukumu ile ikafutwa, akatoka. Na huko Uganda yuko Susan Kigula, ambaye jina lake laitwa katika kesi mashuhuri ya watu 418 waliopinga hukumu ya kifo ya lazima, kesi iliyoamuliwa na mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo mwaka 2009. Yeye alisomea sheria katika gereza la Luzira, na mwaka 2016 alitoka.

Sasa twarudi kwa mama yetu. Tulipoyatazama maneno yake kwa jicho la insafu tuliona kuwa amebeba mashtaka mawili katika kikaratasi kimoja. La kwanza ni la karo, na hili jawabu lake ni jepesi ingawa halimfurahishi. Karo ya mwanawe haikuchukuliwa na mfungwa. Fedha zinazowasomesha wale ni za wafadhili wa nje waliozitoa kwa jambo hilo, na lau wafungwa wote wa Kamiti wangenyang'anywa vitabu vyao kesho asubuhi, karo ile isingepungua hata shilingi moja. Mwenye kudaiwa karo ya kijana yule ni serikali yake, na sisi majirani zake matajiri na maskini, ambao tumempita pale barazani miaka mitatu tukimwamkia.

La pili ndilo lenye uzito. Mama huyu haulizi hesabu ya fedha, auliza heshima. Yeye amekaa katika haki miaka yote, hakuna aliyetoka London kumtazama. Na mwenye kuvunja mlango wa mtu usiku ametazamwa. Uchungu huu si wivu, na mwenye kuuita wivu hajapata kupitwa.

Yatupasa basi tujiulize: mfungwa ameondolewa nini hasa? Hakimu amhukumuye mtu miaka ishirini hutaja miaka, na miaka hiyo ni uhuru wa kwenda na kurudi, wa kulala na watu wake, wa kumzika mamake akifa. Hayo ni makubwa, wala asiyewahi kuyakosa asiyafanye madogo. Lakini hakimu haandiki katika hukumu yake: na awe mjinga. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 51, yasema wazi kwa maana yake kuwa aliyefungwa hubakiwa na haki zake zote isipokuwa zile ambazo haziwezi kukutana na kufungwa kwake. Na kusoma kwakutana na kufungwa vizuri sana. Pengine hakuna kazi inayofaa zaidi kwa mtu aliyekalishwa mahali pamoja.

Wenye kutawala wameijua siri hii tangu zamani, ndiyo maana wanapotaka kumwadhibu mtu adhabu ya pili juu ya kifungo humnyang'anya kalamu. Ibn Taymiyya alipofungwa mara ya mwisho katika ngome ya Dameski alinyimwa wino na karatasi, akafa humo mwaka 1328. Na hapa kwetu, Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa tangu mwaka 1969 hata 1972 kwa ajili ya waraka aliouandika, na mashairi yake aliyatunga kwa siri juu ya karatasi za chooni, nayo yakatoka kitabuni mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Kitabu hicho kikaja kusomwa na wanafunzi wa vyuo vikuu, na mwenyewe akafanya kazi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na baadaye akafundisha Leipzig. Wa kale zaidi ni Imamu Sarakhsi, mwanachuoni wa madhehebu ya Hanafi, ambaye katika karne ya tano ya Hijra alitiwa shimoni huko Uzjand. Na imepokewa kuwa wanafunzi wake walikaa juu ya ukingo wa shimo wakiandika aliyoyasema, na hivyo ndivyo ilivyopatikana sehemu kubwa ya Al-Mabsut, kitabu chenye majalada thalathini kwa chapa.

Huenda mtu akasema: hao walifungwa kwa dhulma, si wezi. Ni kweli, wala hatuwalinganishi. Twaonyesha tu kuwa akili ya mtu haimo katika orodha ya vitu vinavyowekwa langoni pamoja na mkanda na viatu. Wazee wa mitaa hii ya mashariki ya Nairobi wayajua haya bila ya kusoma kitabu. Tarehe 24 Aprili 1954 askari walizunguka mji, na katika siku zilizofuata maelfu ya watu walitolewa majumbani mwao wakapelekwa makambini, wengine Lang'ata, wengine Manyani, wengine Mackinnon Road, majina ambayo msafiri wa Mombasa huyapita dirishani bila ya kuyafikiri. Makambini mle aliyejua kusoma alimfundisha asiyejua, na J. M. Kariuki, aliyefungwa miaka saba, alisimulia maisha hayo katika kitabu chake cha mwaka 1963. Wako waliotoka Manyani wakijua kusoma ambao waliingia hawajui.

Kisha kuna faida ya sheria hasa, na hapa twaomba msomaji atuvumilie, kwani jambo lenyewe laonekana kavu nalo ni la uhai wa watu. Wizi wa kutumia nguvu ni kosa ambalo hukumu yake katika sheria ya Kenya ni kifo, na kesi zake husikilizwa katika mahakama za chini kama hiyo ya Makadara. Kwa miaka mingi mwenye kushitakiwa kwa kuua alipewa wakili na serikali asipokuwa na uwezo, lakini mwenye kushitakiwa kwa wizi huo aghlabu alisimama peke yake, mbele ya hati ya mashtaka iliyoandikwa kwa Kiingereza, akaulizwa kama ana suali kwa shahidi, naye hajui suali ni nini. Serikali haijamnyonga mtu tangu mwaka 1987. Badala yake watu walikaa na hukumu hiyo shingoni mwaka baada ya mwaka, mpaka Rais Kibaki alipozigeuza hukumu za zaidi ya watu elfu nne kuwa kifungo cha maisha mwaka 2009, na Rais Uhuru Kenyatta za watu 2,747 mwaka 2016.

Halafu tarehe 14 Disemba 2017 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Francis Muruatetu, ikaamua kuwa hukumu ya kifo ya lazima kwa mwenye kuua yapingana na katiba, kwa kuwa yamfunga hakimu mikono asiweze kutazama hali ya mtu. Habari hii iliingia magerezani kama mvua. Wafungwa wakaandika maombi ya kuhukumiwa upya, wenye kosa la kuua na wenye kosa la wizi. Kisha mwezi wa Julai 2021 mahakama hiyo hiyo ikafafanua kuwa uamuzi ule ulihusu kuua tu. Fikiri basi hali ya mtu asiyejua kusoma, ambaye mwenzake wa kitanda cha juu amepunguziwa hukumu na yeye amekataliwa, wala hapana wa kumweleza tofauti. Huyo hataona sheria, ataona hila. Mfungwa mmoja aliyesoma sheria, akikaa na watu hamsini wa namna hii na kuwaandikia rufaa zao, na kumwambia mkweli kuwa ana hoja na mwongo kuwa hana, hufanya kazi ambayo mawakili wa mjini hawaendi kuifanya. Na kama miongoni mwa hamsini hao yumo mmoja aliyefungwa bila ya kosa, je, mama yetu hatapenda atoke? Mitaa yetu haijakosa watoto waliokamatwa kwa kuwa walikuwa wamesimama mahali pabaya saa mbaya.

Wengine husema kuwa mwizi akisomeshwa atakuwa mwizi mwerevu. Hatukukaa sana juu ya neno hili. Fedha kubwa zilizoibwa katika nchi hii hazikuibwa na watu waliosomea Kamiti.

Lakini kuna mtu mmoja ambaye katika mazungumzo haya yote hakutajwa, naye ni aliyedhulumiwa. Mjane wa mtu aliyeuawa kwa ajili ya simu ya mkononi asikiapo kuwa muuaji wa mumewe amevaa joho na kupigwa picha, hapana katiba wala historia itakayomliwaza. Na sisi hatudai kuwa shahada yaosha damu. Haki ya mja haiondoki kwa mja kuwa msomi, bali kwa kulipwa au kusamehewa na mwenyewe. Yeyote anayewasomesha wafungwa kwa kuwaonyesha kuwa sasa wamekuwa watu wapya, na ya kale yamekwisha, amewadanganya wao na amemwongezea mjane yule jeraha. Hapa tuliafikiana sote.

Basi tulikaa na neno hili, deni, mpaka mmoja wetu, kijana kuliko sote, akakumbusha habari ya mateka wa Badri. Ni habari mashuhuri. Mwaka wa pili wa Hijra Waislamu waliteka watu wa Makka, na matajiri wao wakajikomboa kwa fedha, wengine hata kwa dirhamu elfu nne. Waliokuwa hawana mali na wajua kuandika, imepokewa kuwa fidia yao ilifanywa ni kufundisha watoto kumi wa Ansari. Watoto wakishajua, mateka yuko huru. Na yasemekana kuwa Zaid bin Thabit alikuwa miongoni mwa watoto waliojifunza hivyo, yeye ambaye baadaye alikabidhiwa kazi ya kuikusanya Kur'ani. Mtoto huyo alifundishwa alifu na mtu aliyekuja Badri kuwapiga watu wake.

Twajua kuwa kiasi hiki si sawa kwa sawa. Wale walikuwa mateka wa vita, hawa ni wahalifu. Wale walifundisha, hawa wafundishwa. Lakini ndani yake mna jambo ambalo lajibu kikaratasi chetu kuliko yote tuliyoyasema juu. Elimu ya mateka haikuhesabiwa kuwa ni pambo lake, ilihesabiwa kuwa ni mali inayoweza kulipa deni, na waliolipwa ni watoto wa watu wale wale aliokuja kuwapiga. Hapakuulizwa kama mateka astahili elimu yake. Paliulizwa yatamfikia nani.

Kwa hiyo rai yetu ni kuwa mfungwa na asomeshwe, hata chuo kikuu akiweza, lakini elimu hiyo iandikwe juu yake kuwa ni deni la watoto kumi. Humo ndani atawapata bila ya kuwatafuta, kwani wengi wa wafungwa hawakumaliza hata shule ya msingi, na ngazi inayowekwa juu kileleni huku vipago vyake vya chini vimevunjika hupandwa na wachache tu. Aliyesoma sheria afundishe kusoma. Na akitoka, asiende kutafuta mtaa usiomjua. Arudi hapa alipofanya alilofanya, akae na watoto wa Majengo na Shauri Moyo na Kaloleni, awaeleze hati ya mashtaka ni nini, na nini cha kusema na cha kunyamazia mtu anapokamatwa, na gereza linanuka vipi. Sisi watu wa pwani neno letu "chuo" kwanza lilikuwa la mtoto na ubao wake, kabla ya kuwa la joho na kofia. Yafaa alirudishe huko.

Liko zuio moja ambalo hatuwezi kulificha. Waajiri wa nchi hii hudai cheti cha tabia njema cha polisi, na aliyewahi kuhukumiwa cheti chake husema hivyo. Basi twaweza kumsomesha mtu miaka minne halafu tukamfungia mlango wa kazi, na mtu mwenye elimu asiye na kazi twamjua, yule kijana yuko barazani. Wapo watakaosema kuwa hii ni hoja ya kutowasomesha wafungwa. Sisi twaona ni hoja ya kutazama upya cheti chenyewe, walau kwa kazi zisizo za kushika fedha wala kulea watoto wadogo, na baada ya muda maalumu. Na msikiti wenye madrasa nao ujiulize kama uko tayari kumpa mtu wa namna hiyo saa moja ya jioni mbele ya vijana, mkiwepo wazee. Katika kamati tuliyoiuliza, wawili walikubali, mmoja alisema tusubiri, na wengine waliangalia saa zao.

Jawabu hili tulimpelekea mama yetu kabla ya kulipiga chapa, maana suala ni lake. Hakusema kuwa ameridhika. Alirudisha kikaratasi kingine, chenye madoa ya mafuta pembeni: "Hao watoto kumi wataanza kusomeshwa lini, na wapi? Mwanangu aweza kuwaandika majina."